Kusali pamoja, kufurahi pamoja: yanayodhaniwa Unguja na Pemba

Ukisema kanisa fulani lina furaha, wengi siku hizi wanafikiria spika. Kinanda cha umeme, kwaya imeshona sare, mhubiri anatokwa na jasho. Pasipo hayo, ibada inaitwa "baridi". Nimesikia ikisemwa hivyo juu ya Mkunazini, kanisa kuu la Kianglikana mjini Unguja, na juu ya Minara Miwili, kanisa kuu la Kikatoliki, na wanaosema si wageni, ni waumini wa hapa hapa.

Haya, tuanze na gerezani. Waraka kwa Wafilipi, unaotaja furaha tangu mwanzo hadi mwisho, uliandikwa na mtu aliyefungwa. Paulo anawaambia kwamba kila anapowaombea wote anasali kwa furaha, na sababu anaitaja hapo hapo: wameshirikiana naye katika Injili tangu siku ya kwanza. Tena Filipi ndiko yeye na Sila walikochapwa bakora, wakatiwa miguu kwenye mkatale, na usiku wa manane wakawa wanaomba na kuimba huku wafungwa wenzao wakisikiliza (Matendo 16). Furaha hiyo ni ya watu waliobeba kazi moja. Sina ugomvi na kwaya, na sare zenu zinapendeza, lakini muziki huipamba furaha ambayo tayari ipo. Isipokuwepo, hata spika nne hazitaileta.

Dhana nyingine, hii inanikera zaidi: kwamba sala za Kikristo visiwani ni jambo la watu wa kuja, limefika na wafanyakazi wa hoteli kutoka bara. Askofu Tozer alipohamishia Unguja misheni ya UMCA, yaani ya Waanglikana kutoka Uingereza, mwaka 1864, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid alimkabidhi. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, naye aliyetoka utumwani akalelewa na misheni hapa Unguja, akapewa upadre mwaka 1890. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa kwenye kiwanja hicho. Mbweni kikakua kijiji cha waliokombolewa. Hao ndio waliosali pamoja hapa kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa, kwa Kiswahili, maana watu walioletwa kutoka makabila mbalimbali hawakuwa na lugha nyingine ya kuombea pamoja. Askofu Steere, aliyewafanyia kazi kubwa ya kutafsiri, amezikwa nyuma ya altare ya Mkunazini.

Wengine husema: "Wingi wa watu unampa Mungu shinikizo." Hapana. Mungu hapigiwi kura. Yesu alisema wawili au watatu wanatosha, na aliwaonya wanaodhani watasikiwa kwa wingi wa maneno yao. Basi kwa nini tuombe wengi? Jibu ninalolipenda liko 2 Wakorintho 1:11: Paulo anataka wengi wamwombee ili wengi wapate kushukuru. Aliyeomba ana fungu lake katika shukrani. Asiyejua kwamba fulani alikuwa na shida atafurahia nini siku shida hiyo ikiisha?

Jumuiya moja ninayoijua hukutana Michenzani, ghorofani, jioni katikati ya wiki. Viatu vinabaki mlangoni, watu wanakaa mkekani. Adhana ya magharibi ikianza, wanaisubiri iishe ndipo waanze wimbo. Hakuna aliyewaamrisha, ndivyo watu wanavyokaa na majirani. Mama mwenye nyumba ana daftari la shule, jalada limeshachanika, analisoma: fulani kalazwa Mnazi Mmoja, kijana yuko kwenye mtihani wa kidato cha nne, mwingine anavuka kwenda Pemba na kusi inavuma, pikipiki ya katekista imeharibika. Utaratibu wao ni kwamba aliyetaja jambo haliombei mwenyewe, anaombewa na aliyekaa kulia kwake. Jambo likijibiwa linapigwa mstari, tarehe inaandikwa pembeni. Kisha mama anarudia yaliyopigwa mstari, polepole, moja moja, na wanaopiga vigelegele vya matokeo ya mtihani ni watu ambao mtoto si wao.

Kuhusu neno la Yesu, "ingia chumbani mwako ukafunge mlango" (Mathayo 6:6), anayelitumia neno hilo kukwepa jumuiya aendelee kusoma mistari mitatu tu. Atakutana na Baba Yetu, na pale hakuna anayejiombea riziki peke yake.

Wapo pia wanaodhani mwenye kulia ameharibu furaha ya ibada. Nimeona mfiwa akivutwa pembeni anyamaze ili sifa ziendelee. Warumi 12:15 inaweka mambo yote mawili pamoja: kufurahi na wanaofurahi, kulia na wanaolia. Watu wetu kwenye matanga wanalijua hilo vizuri kuliko baadhi ya viongozi wa sifa. Unakaa, unapika, unalia na mwenzako, halafu siku nyingine anakuja kucheka na wewe.

Iliyobaki ni ile ya "padre ndiye mwombaji, sisi ni waombewa". Paulo anawaomba Waefeso wamwombee apewe usemi afumbuapo kinywa. Wathesalonike anawaambia kwa ufupi tu, ndugu, tuombeeni. Sisi jina la padre tunalitaja akilazwa. Na Pemba, ambako Wakristo ni wachache na mtumishi anaweza kukuta watu wa kujaza mabenchi mawili tu, kuombewa na watu wa Unguja si maneno ya adabu tu ya kumalizia barua. Anahitaji kujua kwamba kazi si yake peke yake, na waliomwombea wanahitaji kupigiwa simu Jumatatu waambiwe ilikuwaje.