Mimba na maji yenye floraidi: maswali ya akina mama wa Meru

Floraidi inamfikiaje mtoto aliye tumboni?
Mama akiinywa, inaingia katika damu yake na kuvuka kondo la nyuma. Arumeru ya Tanzania, kama ilivyo Nakuru ya Kenya, miamba ya volkano ndiyo inayoyatia maji madini hayo.

Inadhuru ubongo wake?
Mexico walipima mkojo wa wajawazito, na matokeo yakatolewa 2017: kadiri floraidi ilivyokuwa nyingi kwa mama, ndivyo alama za mtoto za kufikiri zilivyoshuka. Kanada, 2019, hali hiyo ilionekana kwa wavulana tu. Hispania hawakuiona kabisa. Mwaka 2024 wataalamu wa serikali ya Marekani walisema, kwa uhakika wa wastani, kwamba maji yanayozidi miligramu 1.5 kwa lita yanahusiana na akili pungufu kwa watoto. Shirika la Afya Duniani nalo limeweka kikomo hapohapo, 1.5. Kuhusiana si kusababisha, nakubali. Lakini mimba ni miezi tisa, haingoji watafiti wakubaliane.

Nikiyachemsha?
Hapana, mama. Vijidudu vitakufa, floraidi itabaki. Tena maji yakipungua sufuriani, inakolea.

Basi ninywe yapi?
Ya mvua. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga, na hayo ndiyo uchemshe. Kuna pia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, hapo Arumeru, kimelifanyia kazi miaka mingi. Mkaa huo huchoka, lazima ubadilishwe. Maji safi yakiwa kidogo, yawe ya kunywa na kupikia. Kufulia tumia ya bomba.

Na magadi! Wengi huyasahau. Kile kipande unachotupia kwenye makande au kiburu ili maharage yaive upesi kinaweza kubeba floraidi nyingi. Loweka maharage usiku kucha, uyaache magadi.

Mkubwa wangu ana meno ya kahawia. Akili yake imepungua?
Meno si kipimo cha akili. Yanaonyesha tu kwamba alikunywa floraidi nyingi akiwa mdogo, meno ya ukubwani yakijijenga ndani ya fizi. Usimsugue kwa mchanga. Rangi imo ndani ya jino lenyewe. Na mtoto anayeziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka asiitwe mjinga na mtu yeyote.

Nikijifungua, ninyonyeshe?
Nyonyesha bila hofu. Floraidi inayopita kwenye maziwa ya mama ni kidogo mno, hata kama anakunywa maji hayo. Ya kopo ndiyo ya kuangalia, kwa sababu hukorogwa kwa maji yaleyale ya bomba.