Kufunga vioo vya gari hakumzuii panya

Wengi huamini kwamba panya huingia garini kupitia mlangoni au dirishani, hivyo hufunga vioo na kutupia naftalini chini ya viti. Njia yake hasa ni matundu ya kuingizia hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, karibu na wipa, ambayo hayafungwi na kioo chochote. Ukichomoa filta ya AC nyuma ya droo ya dashibodi, ukaikuta imetobolewa na kujaa sponji na maganda ya karanga, jua kwamba alipitia huko; naftalini haikumzuia, na mvuke wake, wenye madhara, unauvuta wewe. Kinachofaa ni wavu wa chuma usioshika kutu, wenye matundu yasiyozidi milimita 6, ubanwe imara juu ya tundu lenyewe, kwani wa plastiki hutafunwa.