"Fundi, niongezee spidi": dhana potofu za gemu linaloganda

Wiki hii nimeshaambiwa hivyo mara nne. "Fundi, gemu linagandaganda, niongezee spidi kidogo." Wa mwisho alikuja na mashine yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Pentium G3258, ile ya mwaka 2014 ambayo Intel waliiachia bila kuifunga spidi, kusherehekea miaka 20 ya jina la Pentium. Kiwandani ilitoka na 3.2 GHz, kipimo cha spidi ya prosesa. Yeye alikuwa ameshaisukuma hadi 4.4 kwa feni ileile iliyokuja kwenye boksi, na sasa anataka 4.6. Akicheza GTA V, akikatiza katikati ya mji na gari, picha inasimama, inaruka, inasimama tena.

Dhana yenyewe ni hii: gemu likiganda, GHz hazitoshi.

Sasa tazama masharti ya GTA V ilipotoka kwa kompyuta. Kiwango cha chini kabisa kwa upande wa Intel kilikuwa Core 2 Quad Q6600, prosesa ya 2.4 GHz. Mbili nukta nne! Ila ina kori nne, yaani sehemu nne za kufanyia kazi. G3258 ina kori mbili, haina Hyper-Threading (ufundi wa kuifanya kori moja ishike kazi mbili), kwa hiyo ni kazi mbili tu kwa wakati mmoja, basi. Ni kama daladala lenye mlango mmoja: dereva akanyage mafuta anavyotaka, pale kituoni abiria watashuka mmojammoja vilevile. Far Cry 4 ilipotoka mwaka huohuo wa 2014, waliokuwa na prosesa za namna hii waliishia kutazama kioo cheusi. Gemu halikufunguka kabisa, na hakuna GHz iliyowasaidia.

"Lakini fundi, mbona FPS inasoma zaidi ya 50?"

Hapo ndipo uvumilivu wangu huisha. Namba ile, FPS, ni hesabu ya fremu, yaani picha, zilizotoka kwa sekunde nzima. Ukicheza kwa fremu 60, kila fremu inapewa milisekunde 16.7. Fremu moja ikichukua milisekunde 150 na nyingine 51 zikatoka kwa wakati, kaunta itaandika 52 na wewe utaona mambo safi, huku jicho limeshaona mkwamo. Acha kutazama FPS, tazama muda wa kila fremu. Nilimfungulia MSI Afterburner, programu ya kupimia, nikamwonyesha ule mstari wa muda wa fremu: umechongoka kama meno ya msumeno, na kila jino linapopanda kori zote mbili ziko 100%, wakati kadi ya grafiksi haijafika hata 60%. Kadi inasubiri kuletewa kazi.

Dawa yangu wateja hawaipendi. Nilishusha spidi hadi 4.0, nikapunguza volti, nikafunga Chrome iliyokuwa imeachwa wazi kwa nyuma, kisha kwa programu ya RivaTuner nikaweka kikomo cha fremu 30 kwa sekunde. Fremu ikikamilika mapema, prosesa inapata nafasi ya kupakia mtaa unaofuata kabla gari halijafika. Aliposikia 30 akakunja uso kama nimemtukana. Alipokatiza mjini mara ya tatu bila kukwama, akanyamaza.

Jambo jingine ni hili la "haijazima, basi iko sawa." Kutozima si ushahidi wa chochote. Joto la prosesa likikaribia nyuzi 100, inajipunguzia spidi yenyewe kimyakimya ili isiungue, halafu inapanda tena, halafu inashuka. Huo nao ni mgando, tena umeutengeneza mwenyewe kwa kuongeza volti bila kubadilisha feni wala pesti ya kupitisha joto. Dalili yake ni rahisi: gemu linakwenda vizuri dakika kumi za mwanzo, kisha linaanza vituko. Likikwama kila unapoingia eneo jipya la ramani, shuku diski. Hapo SSD, diski ya kasi, inasaidia kweli. Likikwama penye watu na magari mengi, ni kori.

Kushusha rezolusheni? Hiyo inaipunguzia kazi kadi ya grafiksi, ambayo tayari imekaa bure. Punguza msongamano wa watu na umbali wa kuona, ndivyo vinavyoilemea prosesa.

Ile ya kuingia msconfig, mipangilio ya kuwasha Windows, na kuweka idadi ya prosesa kuwa 2 "ili Windows izitumie zote" sijui nani aliianzisha. Windows inazitumia zote tangu inawaka. Kisanduku kile ni cha kuzipunguza.

RAM, kumbukumbu ya muda, ongeza kama imejaa, na Task Manager ya Windows itakwambia. Kama haijajaa, hela yako itunze. Programu za kuongeza kasi ya gemu zifute. Nyingi zinafunga vitu ambavyo ungeweza kuvifunga mwenyewe, halafu zenyewe zinabaki zinakula prosesa.

Nilimwambia ukweli: akitaka kutoka hapo, atafute Core i5-4570 iliyotumika. Soketi ni ileile ya LGA1150, spidi ya kiwandani ni 3.2 GHz ileile ya Pentium yake, ila kori ni nne. Akaandika jina kwenye simu, akafika mlangoni, akageuka.

"Na hiyo, fundi, inasukumika mpaka ngapi?"