ELIMU KWA UMMA: Redio ya boti inayoomba msaada bila kusema iko wapi

Kwenye boti nyingi za burudani zinazoletwa kukaguliwa, redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, ni mpya na inaongea vizuri, lakini nyuma yake kuna nyaya nyembamba za data zilizokunjwa na kufungwa utepe, hazijaunganishwa popote. Fundi ameweka umeme na antena, mwenye boti amesikia sauti, wote wameridhika. Kazi bado. Kitufe chekundu cha dhiki kikibonyezwa, penye latitudo na longitudo redio hiyo hutuma namba tisa (9) iliyorudiwa mara 10, maana yake haijui iko wapi. Kama namba ya MMSI, yaani namba ya utambulisho wa boti redioni, nayo haijaingizwa, redio nyingi hazitumi kabisa mwito wa dhiki wa kidijitali (DSC). Redio zenye GPS ndani yake zimepunguza tatizo, ila zikifungwa chini ya paa la chuma haziioni anga.

Nyaya hizo za data ndizo huipa redio mahali ilipo. Kwa vifaa vya NMEA 0183, kanuni ya zamani ya vifaa vya boti kupeana data, waya wa kutuma wa kifaa cha ramani huingia kwenye waya wa kupokea wa redio, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Usifuate rangi, kila mtengenezaji ana zake, kwa hiyo vitabu vya vifaa vyote viwili viwe mbele yako. Kasi ya kawaida ni biti 4,800 kwa sekunde, na ya AIS (kifaa kinachotangaza boti ilipo kwa vyombo vingine) ni 38,400, na pande zote mbili ziwekwe kasi moja. Kifaa kimoja kinaweza kutuma kwa wapokeaji kadhaa, lakini watumaji wawili hawachangii jozi moja ya nyaya: data zao hugongana na redio haielewi chochote.

NMEA 2000, kanuni mpya zaidi ya mtandao wa vifaa, ina kebo kuu moja, matawi yasiyozidi mita 6 kila moja, na rezista mbili za omu 120, moja kwenye kila ncha ya kebo kuu. Zima umeme wa mtandao, kisha pima kwa multimita kati ya nyaya mbili za data. Omu 60 ni sahihi. Ukisoma 120, rezista moja haipo. Ukisoma 40, kuna mtu ameongeza ya tatu. Ni kipimo cha dakika moja, na wanaokiruka huishia kubadilisha vifaa visivyo na kasoro yoyote.

Ukimaliza, washa vyote na usome kioo cha redio. Koordineti zionekane, na saa yake iwe inasonga. Baadhi ya redio huendelea kuonyesha mahali pa mwisho hata data ikikatika, kwa hiyo kuona koordineti peke yake hakutoshi.

Sasa umeme wenyewe. Tumia waya wa shaba wa nyuzi nyingi uliopakwa bati. Waya wa nyumbani wa uzi mmoja mgumu hukatika kwa mtikisiko, na shaba tupu ikipata unyevu wa chumvi huota kutu ya kijani inayopanda ndani ya ganda bila kuonekana. Unene haukisiwi, unapigiwa hesabu. Redio ya wati 25 huvuta takriban ampea 6 inapotuma. Ikiwa mita 6 kutoka kwenye paneli, umeme unasafiri mita 12, kwenda na kurudi. Waya wa milimita 2.5 za mraba utapoteza karibu volti 0.5, zaidi ya asilimia 4 ya volti 12. Wa milimita 4 utapoteza takriban volti 0.3, na hapo uko ndani ya asilimia 3 inayokubalika kwa vifaa vya uongozaji. Ukipuuza hesabu hii redio itapokea vizuri na kufifia kila unapobonyeza kuzungumza, halafu lawama zinapelekwa kwa antena.

Fyuzi inalinda waya, si kifaa peke yake. Iwekwe karibu na chanya ya betri. Viwango vya ABYC, baraza la boti la Marekani, vinataka isiwe mbali na betri zaidi ya sentimita 18 hivi kwa waya usio na bomba la kinga. Kuweka fyuzi kubwa kwa sababu ndogo "inakatika ovyo" ni kualika moto. Tafuta kwa nini inakatika.

Viungio vibanwe kwa koleo maalumu la kubania, lile lisiloachia mpaka libane kikamilifu. Vua ganda bila kukata hata uzi mmoja, ingiza, bana, kisha vuta kwa mkono kwa nguvu. Kiungio kinachochomoka mkononi kingechomoka baharini. Pasha moto mpira wa kusinyaa unaofunika kiungio mpaka gundi itokeze mdomoni pande zote mbili. Lehemu peke yake haitoshi: waya hukakamaa pale lehemu ilipoishia, na mtikisiko huukata hapo hapo.

Hasi za vifaa zirudi kwenye bamba la hasi, si kwenye injini wala kwenye valvu za chini ya maji, maana umeme unaopotea njia hula chuma hicho. Vifaa vya uongozaji viwe na betri yao, kwa kuwa betri ya kuwashia injini inaweza kushuka chini ya volti 10 starta inapozunguka, na ramani ikazimika. Pampu ya ngama ya kujiwasha iungwe moja kwa moja kwenye betri kwa fyuzi yake, ili ifanye kazi hata swichi kuu ikizimwa.

Kebo nyembamba ya antena, RG-58, ikifika mita 15 hula takriban nusu ya nguvu ya redio. Kwa antena ya mlingotini tumia RG-213, iliyo nene zaidi, au inayolingana nayo. Usibonyeze kutuma antena ikiwa haijaunganishwa. Spika ya redio ina sumaku, basi iwe mbali na dira kwa umbali ulioandikwa kitabuni.

Taa za LED za bei rahisi nazo huingilia redio. Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu hilo. Zima taa, weka redio kwenye chaneli tulivu, rekebisha skwelchi (kitufe cha kunyamazisha mlio wa hewani) mpaka mlio uishe tu, kisha washa taa. Mlio ukirudi, taa hiyo inaziba usikivu wa redio, na huenda na wa AIS.

Kuhusu namba ya MMSI, tunaomba tueleweke. Ina tarakimu 9, hutolewa na mamlaka ya nchi ilikosajiliwa boti, na si ya kubuni wala kuazima kwa jirani. Redio nyingi hukubali kuingizwa mara moja au mbili tu, kisha hujifunga mpaka ipelekwe kwa wakala, kwa hiyo isome mara mbili kabla ya kuthibitisha. AIS ya boti hiyo hiyo hutumia namba ile ile. Ukinunua boti iliyotumika, badilisha taarifa za mmiliki kwenye usajili. Vinginevyo siku ya dhiki atakayepigiwa simu ni aliyekuuzia. Hoja ya "ni boti ya matembezi tu" haina uzito, kwa sababu mwito wa dhiki unashughulikiwa kwa namna moja hata ukitoka kwenye boti ndogo.

Mwito wa dhiki ukitoka kwa bahati mbaya, usizime redio ukanyamaza. Katisha mwito kwenye redio ili usijirudie, nenda chaneli 16, ita "vituo vyote" mara tatu, taja jina la boti, alama ya mwito na MMSI, kisha tangaza kwamba unafuta mwito wa dhiki na useme saa ulipotoka. Anayefuta mara moja kwa kawaida hachukuliwi hatua. Anayenyamaza, au anayetuma kwa makusudi, anaweza kukabiliwa na faini, kunyang'anywa kifaa, kufutiwa leseni na hata kushtakiwa. Viwango viko katika sheria za nchi yako, na maelezo haya hayachukui nafasi ya sheria hizo wala ya kitabu cha mtengenezaji.

Kitufe chekundu hakijaribiwi. Kama redio yako ina mwito wa majaribio wa DSC, utume kwa boti nyingine mliyokubaliana, au kwa kituo cha pwani kinachoupokea, na sauti ijaribiwe kwenye chaneli ya kazi kwa wati 1.