Upepo uko baharini, umeme unatakiwa Mtwara

Tukizungumza na wakazi wa Mtwara na Lindi kuhusu umeme wa upepo wa baharini, wengi huuliza mapanga ya mitambo yatakuwa makubwa kiasi gani. Sisi wahandisi kinachotuumiza kichwa zaidi ni kebo.

Umeme wa mitambo hukusanywa kwa kebo za kilovolti 33 au 66 hadi kwenye kituo kilichojengwa humo humo baharini, na transfoma zikaupandisha msongo, yaani volti. Kwa kiasi kilekile cha umeme, msongo ukiongezeka mara mbili, mkondo hupungua kwa nusu na upotevu kwenye waya hubaki robo tu.

Lakini kebo ya baharini ina tabia yake. Waya umezungukwa na plastiki, kisha ganda la metali, na umbo hilo huhifadhi chaji. Umeme wa gridi yetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kila safari kebo hujazwa na kumwagwa upya. Mkondo huo wa kujaza kebo hauwashi hata taa moja, ila unakalia nafasi kama wapiga debe ndani ya daladala: gari linaonekana limejaa, abiria wa nauli hana pa kukaa. Kadiri kebo inavyorefuka na msongo unavyopanda, ndivyo unavyozidi.

Pemba imekuwa ikipata umeme kutoka Tanga tangu 2010 kwa kebo ya karibu kilomita 78. Msongo wake wa kilovolti 33 unapunguza tatizo hilo, japo unabana pia kiasi cha umeme kinachopita. Uingereza, shamba la upepo la Hornsea One liko kama kilomita 120 kutoka pwani, ikabidi kijengwe kituo katikati ya njia, baharini, chenye koili kubwa za kufidia mkondo huo. Dogger Bank, lililo mbali zaidi, linatumia mkondo mnyoofu wa kilovolti 320, unaokwenda upande mmoja bila kurudi, ambao hauna ugonjwa huu. Vituo vya kuugeuza ni ghali, hivyo kwa kawaida hufikiriwa umbali ukishakaribia kilomita 80 hadi 100.

Kwetu bahari huingia kina kirefu karibu tu na pwani. Mitambo ingekaa jirani na nchi kavu, au ielee kama ile ya Hywind huko Scotland. Kwa umbali huo mfupi, naona kilovolti 132 au 220 za kawaida zingetosha.

Ugumu ungekuwa nchi kavu. Mtwara na Lindi zimeishi miaka mingi kwa gesi ya Mnazi Bay, zikiwa nje ya gridi ya taifa, na mtandao mdogo huyumba ukipokea umeme mwingi unaopanda na kushuka. Ndiyo maana laini ya kilovolti 220 ya Songea, Tunduru na Masasi, iliyokusudiwa kuiunganisha mikoa hii na gridi ya taifa, ina uzito. Mitambo ya gesi nayo ingeziba pengo la maleleji, kusi ikiondoka na kaskazi haijaingia.

Na kebo ziwe mbili. Unguja, ikitegemea kebo moja, ilikosa umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Zipite njia tofauti, zikwepe matumbawe ya Msimbati, pwani ya Mtwara, zifukiwe chini ya mchanga. Zikilazwa pamoja, nanga moja ya meli inaweza kuziburuta zote.