Sindano ya Sukari Haisubiri Mafuriko Yaishe

Masika yakizidi, Mto Pangani ukafurika upande wa Korogwe, watu huhamia kwenye madarasa. Anayeandikisha kaya aongeze swali moja: nani ana kisukari, na anatumia vidonge au sindano? Jibu ndilo linaloonyesha wa kuangaliwa kwanza.

Mwenye kisukari aina ya kwanza, mara nyingi mtoto au kijana, mwili wake karibu hautengenezi kabisa insulini, kichocheo kinachoshusha sukari ya damu. Akikosa sindano siku moja au mbili, damu huanza kujaa asidi: anatapika, anahema kwa nguvu, pumzi inanukia kama tunda lililoiva mno. Huyo apelekwe hospitali mara moja. Kinachowaponza wengi ni ile kauli ya wazazi, "Hajala, leo tusimchome." Dozi inaweza kupunguzwa na mhudumu wa afya, lakini insulini inayofanya kazi mwilini kwa muda mrefu haiachwi. Kwa vidonge mambo ni tofauti: glibenklamaidi bila chakula huangusha sukari vibaya, na metformini husimamishwa mtu anapoharisha na kutapika.

Sukari ya damu ikishuka chini ya 4 (mmol/L kwenye kipimo), koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asinyweshwe chochote. Wapo pia wanaokataa ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, wakiharisha, eti ina sukari. Lita nzima ina gramu 13.5 za glukosi, pungufu ya soda moja. Wanywe.

Chupa ya insulini iliyofunguliwa hukaa wiki 4 hivi bila friji, joto lisipozidi nyuzi 30. Chini ya bati la darasa mchana wa Tanga, joto hupita hapo. Funga chupa kwenye mfuko wa plastiki, iweke ndani ya chungu kidogo kilichotumbukizwa kwenye kikubwa, katikati mchanga uliolowana, kivulini penye upepo. Hewa ya pwani ina unyevu, kwa hiyo usitarajie ubaridi wa friji. Barafu isiguse chupa. Insulini iliyoganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka.

Mabomba ya sindano yanayoletwa kama msaada yakaguliwe moja moja. Insulini ya U-100 (uniti 100 kwa mililita) ikivutwa kwa bomba la U-40 (la insulini ya uniti 40 kwa mililita), ambalo kwa kawaida lina kofia nyekundu, hadi alama ya 20, mgonjwa anachomwa uniti 50. Bomba la U-100 huwa na kofia ya rangi ya chungwa. Hata hivyo soma maandishi ubavuni kabla ya kuvuta dawa.