Posti yako kundini imeenda wapi?

"Admini kaifuta." Hiyo ndiyo tuhuma ya kwanza posti isipoonekana, na inaniuma kuona watu wa ukoo mmoja au mtaa mmoja wakinuniana kwa ajili yake, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyefuta chochote.

Kwenye makundi ya Facebook ambayo posti hukaguliwa kwanza, yako huenda bado inasubiri idhini. Huenda pia imekataliwa na kanuni zinazojiendesha alizoweka admini, au mtambo wa Facebook umeiweka kando ukiidhania spamu (ujumbe wa kero au wa ulaghai), hasa ikiwa na kiungo. Ingia kundini, fungua sehemu ya maudhui yako: utakuta zinazosubiri, zilizochapishwa, zilizokataliwa na zilizoondolewa. Usiitume tena na tena, maana kurudiarudia posti ileile ndiko kunakozidi kuifanya ionekane spamu. Mwandikie admini faraghani, mtajie siku na saa, umwombe aangalie posti zinazosubiri na zile zilizodhaniwa spamu.

WhatsApp ni tofauti. Kule admini akiufuta ujumbe wako kwa wote, alama hubaki mahali pake ikionyesha kwamba admini ameufuta, na jina lake huonekana. Hakuna sababu ya kukisia.

Wengine huamini kampuni ya WhatsApp inatunza kila kitu, kwa hiyo ukiwaandikia watakurudishia. Ujumbe ukishafika kwenye simu za wanakundi, WhatsApp hawauhifadhi kwenye seva zao. Ambao haujafika husubiri hadi siku 30, kisha hufutwa. Tena tangu 2016 ujumbe husafiri umefungwa, hata wao hawawezi kuusoma. Kwa hiyo ukibofya "futa kwangu" kwa bahati mbaya, usihangaike na kampuni: ujumbe umepotea kwenye simu yako tu. Mwombe mwenzako wa kundini akutumie, awe mhazini mwenye orodha ya michango au yeyote ambaye bado anao.

Vipi nakala ya akiba? Inarudisha yale tu yaliyokuwepo ilipochukuliwa. Kwenye Android, nakala ya ndani ya simu huchukuliwa kila siku saa 8 usiku, hivyo ujumbe uliotumwa asubuhi ukafutwa mchana haumo. Na ukirejesha nakala ya wiki iliyopita, unaweza kupoteza yote yaliyoingia baada yake. Pima kwanza kipi kina thamani zaidi kwako.

Programu zinazojitangaza kwamba zinafufua ujumbe uliofutwa kwa kawaida husoma arifa zilizopita kwenye simu, na hilo Android 11 na zilizofuata hulifanya zenyewe: kuna historia ya arifa ya saa 24, ila lazima uwe umeiwasha kabla. Matoleo ya WhatsApp yaliyochezewa yanaweza kukufungia akaunti. Na anayekuomba namba 6 za uthibitisho ili "akurudishie" ujumbe anataka akaunti yenyewe. Usimpe, hata kama anajiita fundi.

Telegram ndiyo yenye nafuu kidogo. Maadmini wa kundi wana kumbukumbu ya vitendo vya karibuni, na ujumbe uliofutwa huonekana humo kwa saa 48. Wasiliana na admini mapema, siku hiyohiyo ikiwezekana, naye ataweza kuunakili na kukutumia.